Mkalimani wa Amri Hayupo

Kompyuta ya kwanza niliyowahi kuigusa ilikuja katika chuo chetu cha kupiga chapa, mtaani Shauri Moyo, kuelekea mwisho wa miaka ya themanini. Chuo kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kutoka dirishani ulisikia nyundo za mafundi wa mabati wa soko la Gikomba kutwa nzima, na ndani nyundo ndogo za taipureta ishirini na mbili zikiwajibu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifundisha madarasa ya asubuhi.

Kompyuta yenyewe tuliachiwa na mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Mkuu wa chuo, mama mmoja wa makamo kutoka Murang'a ambaye sote tulimwita Madam, aliipokea kama mtu anavyopokea mkwe. Alitoa watu katika ofisi yake ndogo, akaweka pazia jipya, na akaandika kwenye mlango kwamba viatu vinavuliwa nje. Ndani mlikuwa na meza moja, kompyuta chini ya kitambaa cha kufuma, na disketi moja tu kwenye bahasha yake ya karatasi. Disketi hiyo ilikuwa na kila kitu: iliiamsha mashine, na ndimo ilimokaa programu ya kuandikia barua. Mzungu alinifundisha kwa siku nne. Aliniambia ingiza disketi hapa, washa hapa, ngoja herufi za kijani, andika neno hili, bonyeza kitufe kile. Sikujua ni kwa nini. Nilijua tu kwamba nikifanya hivyo, inaamka.

Kwa miezi miwili iliamka kila siku. Kisha Jumatatu moja ikakataa.

Nilikuwa nimefika mapema kwa sababu wiki hiyo tulikuwa na barua za mwaliko wa sherehe ya kufuzu. Nilivua viatu, nikafunua kitambaa, nikaingiza disketi, nikawasha. Ilinguruma kama kawaida, ile taa nyekundu ya disketi ikawaka na kuzima. Kisha badala ya kuniuliza tarehe, ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza: Bad or missing command interpreter. Chini yake hapakuwa na kitu. Nilibonyeza herufi, haikujibu. Niliizima, nikahesabu hadi kumi kama alivyonifundisha mzungu, nikawasha tena. Mstari uleule, herufi kwa herufi.

Madam alipoingia alinikuta nimepiga magoti nikitazama nyaya chini ya meza. Nilimweleza. Hakuutazama mstari ule, alitazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi, iking'aa.

"Nani alipiga deki humu?"

Jibu alilijua. Tulikuwa na mama mmoja wa usafi, Mkamba wa Kitui, mwembamba, mwenye miaka kama hamsini, aliyefagia chuo kila siku, na chumba hiki akakisafisha Jumamosi mchana wanafunzi wakishaondoka. Aliitwa kutoka chini alikokuwa akifagia ngazi. Alisimama mlangoni na miguu mitupu, ufagio mkononi.

"Umemwaga maji kwenye kompyuta," Madam alisema.

"Sikumwaga maji, Madam. Humu sipigi deki na ndoo. Napangusa na kitambaa, nakikamua nje."

"Kitambaa kina nini kama si maji?"

Mama yule alinitazama mimi. Nikainamia nyaya tena. Sikujua kilichoiua mashine, na ingeweza kuwa maji. Madam alimwambia aende nyumbani kwanza, ataitwa fundi akija na kusema ni nini. Akaegemeza ufagio ukutani, akashuka. Nilisikia nyayo zake kwenye ngazi mpaka chini.

Nilifundisha darasa la asubuhi nikiwa sipo. Wanafunzi walipiga mazoezi yao ya vidole, nami nilikuwa nikiufikiria ule mstari. Jambo moja lilinisumbua. Redio yetu nyumbani iliwahi kuingiwa na maji ya mvua, na ilitoa sauti ya kukaanga mayai, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Hiyo ndiyo tabia ya kitu kilicholoa. Lakini hii kompyuta iliandika sentensi. Kila nilipoiwasha iliandika sentensi ileile, haikukosea hata herufi. Kitu kilichoharibika kwa maji kinapata wapi akili ya kueleza kinachokiuma? Saa ya chakula nilirudi mle chumbani na kipande cha karatasi, nikaunakili ule mstari.

Wakati huo niliishi na baba yangu katika nyumba za baraza la jiji kule Bahati. Mama alikuwa shambani Machakos, akija mjini mwisho wa mwezi na kunde na ndizi. Baba alikuwa amestaafu miaka miwili nyuma. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa ukalimani mahakamani: shahidi anasema Kikamba, yeye anamwambia hakimu kwa Kiingereza, hakimu anauliza, yeye anamrudishia shahidi. Kustaafu hakukumkalia vizuri. Alisoma gazeti lote, hadi matangazo ya vifo, kisha akakaa kwenye kiti mlangoni akisikiliza majirani wakigombana na kusahihisha maneno yao kimoyomoyo.

Jioni ile nilipika sukuma wiki na ugali, na tukiwa tunakula nikamwambia kompyuta ya chuo imekataa kuamka.

"Inasemaje?"

"Inasema kuna kitu kimeharibika au kimepotea, kitu cha..."

Aliinua mkono. "Sikukuuliza maana yake, mwaitu. Nimekuuliza inasemaje." Aliniita hivyo tangu utotoni, mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Nikampa ile karatasi. Alivaa miwani, akaisoma, akaacha kutafuna. Aliisoma tena. Sijui kama naweza kueleza uso wake ulivyokuwa. Ni kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi barabarani katika mji wa kigeni.

"Interpreter," alisema. "Mashine ina mkalimani?"

"Ndivyo imeandika."

"Mkalimani wa amri. Mbaya, au hayupo." Aliweka karatasi kando ya sahani. "Basi hayo ni mashtaka mawili. Huwezi kumshtaki mtu kwa yote mawili. Kama hayupo, huwezi kujua kama ni mbaya."

Nilicheka, lakini yeye hakuwa akitania. Alitaka kujua nani anampa nani amri, na kwa lugha gani. Nilimwambia ninachokijua, ambacho kilikuwa kidogo: kwamba unaandika neno, na mashine inafanya. Akauliza kama mashine yenyewe inaelewa Kiingereza. Nikasema sidhani, mzungu aliniambia ndani yake mna namba tu. "Ndiyo maana," Baba alisema. "Wewe unaongea maneno, yenyewe inaongea namba. Lazima kuna mtu katikati. Sasa swali ni, huyo mtu ametoka, au amekaa pale na hafai?"

"Kuna tofauti gani? Mashine imekufa vilevile."

Ndipo aliponisimulia kisa ambacho sikuwahi kukisikia, ingawa nilidhani visa vyake vyote vya mahakamani nimevimaliza. Askari mmoja wa usiku, Mturkana, aliletwa kizimbani, na hakujua Kiswahili cha kutosha. Karani akatumwa kutafuta mkalimani. Karani kwake watu wote wa kaskazini walikuwa kitu kimoja, akaleta Msamburu, mtu wa lugha nyingine kabisa. "Alikuja," Baba alisema. "Alikuwa na tai. Aliapa vizuri. Alisimama mahali pake, na ukitazama kutoka nyuma ungesema mahakama imekamilika. Mshtakiwa akaongea, na yule bwana akatazama dari. Hakimu anangoja. Sote tunangoja. Nusu saa ikaisha hivyo, kwa sababu kila mtu alikuwa akitafuta kosa kwingine, mkalimani si alikuwa pale? Angekuwa hayupo, tungejua dakika ya kwanza."

Nililala nikijua angalau swali la kuuliza.

Hatukuwa na mtu wa kumwuliza Shauri Moyo nzima, lakini nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa zamani. Alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, na nilikuwa nimesikia kwamba wamemweka kwenye kompyuta. Jumanne nilimpigia simu kutoka kwenye kibanda cha barabarani. Jumatano saa ya chakula nikaenda kwa miguu, disketi nikiwa nimeifunga kwa leso na kuishikilia kifuani ili isipate vumbi. Kiwanda kizima kilinukia sabuni ya kipande, hata karatasi za ofisini. Alinipokea getini na kucheka.

"Sasa, mwalimu! Leo wewe ndio mwanafunzi."

"Leo mimi ndiye. Nionyeshe."

Mashine yao ilikuwa kubwa kuliko yetu na haikuhitaji disketi ili iamke. Aliingiza disketi yangu, akaandika neno moja fupi, na orodha ikapanda kwenye kioo: majina ya vitu vyote vilivyokuwamo ndani. Nilikuwa sijawahi kuona ile orodha nje ya programu ya kuandikia. Alifuata majina kwa ncha ya kalamu, kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu.

"Hakuna command," alisema. "Ona, ya kwangu iko hapa." Akatoa orodha ya kwake, na kweli jina lilikuwa pale. "Mashine ikiamka inasoma vitu viwili vimefichwa, hata kwa orodha havionekani. Halafu inatafuta hii. Hii ndio inasoma chenye unaandika na kuambia mashine ifanye nini. Yako imefutwa. Nani amefuta?"

Nilifungua mdomo kusema sijui. Lakini nilikuwa nikijua. Nilijua kwa namna mtu anavyojua ameacha jiko linawaka: mwili ukatangulia, kisha picha ikaja.

Ijumaa. Nilikuwa naandika barua ya mwaliko, na nilipotaka kuihifadhi, programu ikaniambia disketi imejaa. Ilikuwa karibu saa kumi na moja na nilitaka kwenda nyumbani. Programu ile ilikuwa na mahali pa kufuta vitu. Nilifungua, nikaona majina mengi ambayo si mimi niliyeyaandika na ambayo sikuwahi kuyatumia, nikachagua yale yaliyoonekana kuchukua nafasi kubwa bila sababu. Nilifuta manne, labda matano. Moja lilikuwa command. Nakumbuka hata nilichowaza: kwamba ni maagizo ya mzungu, na mzungu ameshakwenda. Barua ikaingia. Nikazima mashine, nikaifunika kitambaa chake, nikaenda zangu. Kwa kuwa mashine ilikuwa tayari imeamka, haikulalamika. Ilingoja mpaka ilipohitaji kuamka upya.

"Ni mimi," nilimwambia.

"Aa, kila mtu amewahi kufuta," alisema, hajajua kilicho nyuma ya maneno yangu. "Mimi hapa nilifuta barua za bosi. Ngoja nikupe ya kwangu."

Akanakili command yake kwenye disketi yangu. Sekunde chache tu. Nilirudi Shauri Moyo nikitembea haraka, na nitasema ukweli: furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nilikuwa nimeelewa kitu. Kwa mara ya kwanza ile mashine haikuwa sanduku la kubonyezabonyeza. Ilikuwa na watu ndani, kila mmoja na kazi yake, na mimi nilikuwa nimemfukuza mmoja bila kumuuliza ana kazi gani. Nilipofika, Madam alikuwa amefunga ofisi na kwenda mjini na ufunguo, ambao aliuacha duka la chini jioni tu. Ikabidi ningoje kesho.

Jioni nilimweleza Baba yote, kwa mkono na kwa kijiko, nikichora orodha ya majina kwenye kitambaa cha meza kwa kidole. Alisikiliza akitingisha kichwa. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo hakuwepo."

"Hakuwepo kabisa."

"Na kesho utamrudisha."

"Yumo kwenye disketi tayari."

Alimimina chai yake kwenye sahani, akaipuliza. "Na yule mama wa usafi?"

Nilikuwa nimemtaja Jumatatu, kwa kupitia tu. Nilimwambia nitamweleza Madam kesho, mashine ikishaamka. Nilifikiri hivyo kwa dhati. Niliona itakuwa rahisi: Madam anaingia, anakuta herufi za kijani, anafurahi, kisha mimi naingiza lile neno katikati ya furaha. Baba alikunywa chai yake. Alikuwa mtu wa kuwasilisha maneno ya wengine kwa miaka thelathini, na ya kwake alikuwa mchoyo nayo.

Alhamisi niliingia kabla ya watu wote. Disketi, swichi, mngurumo, taa nyekundu. Kisha mistari miwili. Wa pili ulikuwa uleule wa Jumatatu. Lakini juu yake palikuwa na mwingine mpya, mfupi, uliosema kwamba toleo si sahihi.

Nilikaa nikiutazama. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa hofu. Lilikuwa yule Msamburu na tai yake. Yupo. Ameapa. Amesimama mahali pake. Ila ametoka kwa watu wengine. Command ya kiwanda cha sabuni ilikuwa ya mwaka mwingine, toleo jingine, na vile vitu viwili vilivyofichwa kwenye disketi yangu vilikuwa vya zamani. Vikiongea, yenyewe inatazama dari. Nilitamani Baba angekuwa pale. Nilicheka peke yangu kwa sauti, na hivyo ndivyo Madam alivyonikuta, nacheka mbele ya mashine iliyokufa.

"Imepona?"

"Bado, Madam."

"Sasa kinachokuchekesha ni nini? Fundi anakuja kesho. Nimeambiwa kama ni maji, hakuna la kufanya. Na yule mama nimekwisha kumpatia mtu wa kushika nafasi yake."

Herufi za kijani nilizopanga kujificha nyuma yake hazikuwepo. Nilisimama.

"Si maji, Madam. Ni mimi."

Nilimweleza. Nilianza na disketi kujaa, nikaenda moja kwa moja hadi mwisho, bila kupamba. Aliketi kwenye kile kiti cha kompyuta ambacho hakuwahi kukiketia kwa kuogopa kugusa kitu. Alivua miwani.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu jana saa saba."

"Na jana saa tisa ulikuwa umesharudi hapa."

"Ulikuwa umetoka, Madam."

"Mlango wa chuo haukuwa umetoka. Karatasi na kalamu hazikuwa zimetoka." Chini mtu alikuwa akishusha mabati kwenye mkokoteni na kelele zilipanda hadi dirishani. Zilipokwisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko nilivyotarajia, "Na mimi sikuuliza. Niliona sakafu inang'aa, nikamaliza kesi." Akavaa miwani. "Unajua anakokaa?"

Nilijua. Mumewe alikuwa mtu wa reli na walikaa katika nyumba za reli Muthurwa. Madam alisema niende sasa hivi, darasa langu atalishika yeye.

Nilimkuta nje ya nyumba yao, karai mbili mbele yake, anafua. Nilimwamkia kwa Kikamba, akaitikia, lakini hakuacha kufua. Nilisimama. Kisha nikachuchumaa, maana haikufaa kumwambia nikiwa juu yake. Nikamwambia hayakuwa maji, kwamba nilifuta kitu mimi mwenyewe siku ya Ijumaa, na Madam ameshajua, na anaombwa arudi.

Alikamua shati, akalipiga hewani, akalitazama kama limetakata.

"Maji nayajua," alisema. "Nilijua si maji."

"Nisamehe, Mama."

"Hicho kitu ulichofuta, kilikuwa na jina?"

"Kilikuwa nalo."

"Ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Na bado ukakitupa."

Nilijaribu kueleza kwamba nililisoma lakini sikujua kazi yake, na kwamba hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Alingoja nimalize.

"Mimi sikusoma," alisema. "Nikifagia pale chuoni nikikuta karatasi, hata imekunjwa, hata imekanyagwa, naiweka mezani. Siwezi kujua ni takataka au ni cheti cha mtu. Kwa hivyo situpi. Na ninyi mnaosoma ndio mnatupa."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeshangaa jambo, na hilo liliniingia kuliko hasira. Alinionyesha karai ya pili kwa kidevu. Nikakunja mikono ya blauzi, nikasuuza, nikaanika nguo za watoto wake na sare ya mumewe kwenye kamba, yeye akinisahihisha jinsi ya kubana mabega ya shati yasiache alama. Ilichukua karibu saa nzima. Karai zilipoinamishwa ukutani, aliingia ndani, akatoka amevaa kitambaa kichwani.

"Twende," alisema. "Lakini nikifika nataka kuiona hiyo mashine. Nimefukuzwa kwa ajili yake na sijawahi kuiona ikiwaka."

Mchana ule nilikimbia tena kiwandani. Nilimweleza mwanafunzi wangu kuhusu ule mstari mpya, na kabla hajajibu nikamwambia ninavyodhani: kwamba mkalimani hawezi kuazimwa peke yake, lazima aje na wenzake wa pale pale. Alinitazama kwa macho makubwa.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Nina mzee nyumbani."

"Basi mzee amesema poa. Tunachukua disketi mpya, tunaitengeneza hapa, tunaweka zile mbili za kujificha na command, zote za kwangu. Halafu tunahamisha programu yako na barua zako juu yake." Alifanya hivyo polepole, na kila alichoandika nilikiandika kwenye daftari. Nikamuuliza kila kitu: kwa nini nukta hapa, kwa nini mstari huu ulioinama, hili jina kazi yake nini, na hili? Alichoka kabla yangu. Alitengeneza disketi mbili zinazofanana, moja ya kutumia na moja ya kuweka kabatini, akaniambia ya kabatini nisiiguse hata nikiota.

Ijumaa asubuhi tulikuwa watatu mle chumbani, bila viatu: Madam, mama wa usafi, na mimi. Niliingiza disketi mpya. Mngurumo, taa nyekundu, kimya kidogo. Kisha ikaniuliza tarehe. Nikaiandika. Ikaniuliza saa. Nikaiandika. Na hatimaye ile herufi moja na alama yake, kijistari kikipepesa kando, kikingoja.

"Ndiyo hiyo?" mama wa usafi aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Inangoja niiambie la kufanya."

Alisogea, mikono nyuma, akainama mpaka pua yake ikawa karibu na kioo. Alikitazama kile kijistari kikipepesa kwa muda mrefu. "Kumbe ina subira," alisema. Kisha akatoka kwenda kuchukua ufagio wake. Madam alimfuata nje, akavuta mlango, na waliongea huko ngazini maneno ambayo sikuyasikia wala sikuambiwa. Fundi aliambiwa asije, na yule mtu mwingine hakuja kushika nafasi. Barua za mwaliko ziliandikwa Ijumaa hiyohiyo.

Na mimi, mama yule hakunichukia. Aliniamkia kila siku, akaniuliza habari za Baba. Lakini tangu wiki hiyo, kila alipookota karatasi katika darasa langu, hakuiweka mezani. Aliniletea mkononi na kusimama mpaka niisome yote, mstari kwa mstari, ndipo aulize, "Ya kutupa au si ya kutupa?" Alifanya hivyo kwa miaka yote mitatu niliyobaki pale, nami sikuwahi kumwambia aache.

Wiki mbili baadaye nilimleta Baba chuoni, Jumamosi, wanafunzi wakiwa wameondoka. Alikuwa amevaa koti lake la mahakamani. Alivua viatu bila kuambiwa, akaketi wima mbele ya mashine. Nikaiamsha. Akauliza sasa mkalimani yuko kazini, nikasema yuko kazini. Akanyoosha kidole kimoja na kuandika, akitafuta kila herufi, neno HABARI, nikamwonyesha kitufe cha kutuma.

Mashine ikajibu kwamba hiyo ni amri mbaya, au jina lisilojulikana.

"Jaribu kitu kingine," nilisema.

Aliandika salamu ya Kikamba. Jibu likawa lilelile. Akaandika neno la Kiingereza, neno gumu la kisheria ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Jibu lilelile. Nilidhani atavunjika moyo. Badala yake alivuta kiti karibu, akakunja mikono ya koti, akaomba daftari langu lenye yale majina niliyoandika kule kiwandani.

"Anajua maneno mangapi?" aliuliza.

"Sijui. Labda hamsini."

"Niachie," alisema, akaandika la kwanza kwenye orodha, herufi moja baada ya nyingine, huku akilitamka.

Niliteremka kumtafutia chai.